Mwalimu na aulize kabla ya kupanga somo

Kila mwezi wa Januari, milango ya skuli zetu inapofunguliwa Unguja na Pemba, mwalimu huketi na vitu vitatu mbele yake: muhtasari wa somo, azimio la kazi, na daftari la mahudhurio lililojaa majina. Kutokana na vitu hivyo hutakiwa aandae masomo ya muhula mzima. Muhtasari humweleza afundishe nini, azimio humweleza afundishe lini, na daftari humweleza nani na nani wamo darasani. Hapana hata kimoja katika hivyo kinachomweleza yule mtoto aliyeketi nyuma kabisa ametoka wapi asubuhi ile, anajua nini tayari, na kwa nini mwaka uliopita alinyamaza kuanzia mwezi wa Machi hadi skuli zilipofungwa.

Leo tungependa kulizungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo. Nalo ni desturi ya mwalimu kuwauliza wanafunzi wake maswali machache juu ya hali zao, juu ya wanayoyajua na juu ya yanayowatatiza, kisha kuyatumia majibu hayo katika kupanga masomo. Wataalamu huliita dodoso, wengine huliita hojaji. Jina si kitu. Lililo muhimu ni kwamba desturi hiyo ni haba katika skuli zetu, na pale ilipoanza, imo hatarini kuharibiwa na watu wenye nia njema.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote wa visiwa hivi. Kabla ya hapo nafasi ya mtoto kupata skuli ilitegemea sana asili yake na mfuko wa mzazi wake. Tangazo lile liliwakusanya pamoja mtoto wa karani wa mjini, mtoto wa mvuvi wa Nungwi, mtoto wa mkulima wa Wete na yatima asiyejulikana anakula wapi. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, na madarasa yamejaa kiasi kwamba skuli nyingi huendeshwa kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana. Mlango, kwa hivyo, ulifunguliwa kwa wote. Lakini andalio la somo limebaki likiandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hulala mapema, huamka akiwa ameshiba usingizi, husema Kiswahili cha kitabuni, huona vizuri, husikia vizuri, ana taa ya kusomea na mtu mzima wa kumsaidia, wala hana kazi yoyote zaidi ya kusoma. Sisi tumezunguka sana katika skuli za visiwa hivi, na mtoto huyo hatujapata kumwona.

Siku moja tulipata fursa ya kukaa na mwalimu wa hisabati katika skuli moja ya ukanda wa mashariki wa Unguja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye subira, na darasa lake la tano lilikuwa na watoto zaidi ya sabini. Alituonesha daftari lake la mahudhurio. Kulikuwa na siku ambazo karibu kila jina lilikuwa na alama ya kuhudhuria, kisha zikafuata siku nne au tano zenye mapengo mengi, kisha darasa likajaa tena. Mwalimu alidhani ni utoro. Aliwapa watoto adhabu, akawaandikia wazazi barua, akapeleka majina kwa kamati ya skuli. Mapengo yaliendelea kama kawaida.

Hatimaye aliwaandikia watoto maswali saba, akayasoma kwa sauti, nao wakajibu kila mmoja kwenye robo ya karatasi. Swali la kwanza lilikuwa: unafanya nini kabla ya kuja skuli, na ni siku zipi unazochelewa au usizokuja? Majibu aliyasoma usiku ule ule. Watoto wengi waliandika neno moja: bamvua.

Kwa faida ya wale maofisa wetu ambao maisha yao yote yamepita mjini, hatuna budi kulieleza jambo hili kwa ukamilifu. Bamvua hutokea mara mbili katika kila mwezi wa mwandamo, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji katika pwani zetu hupwa sana kiasi cha saa nne au saa tano za asubuhi, na mwamba huachwa wazi mpaka mbali. Ndio wakati wa kufunga na kuvuna mwani, wa kuchokoa pweza, wa kuokota chaza. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, nacho tangu awali kimekuwa mikononi mwa wanawake. Mama anapokwenda pwani, ama mtoto mkubwa hufuatana naye kubeba, ama hubaki nyumbani kumshika mdogo. Baada ya siku chache huja maji mafu, bahari haikauki tena kiasi kile, na watoto hurudi darasani. Saa ya kupwa huko ndiyo saa ya somo la hisabati la mkondo wa asubuhi. Bahari haifuati kalenda ya Wizara.

Mwalimu yule, baada ya kuyasoma majibu, alichukua kalenda ya ukutani akaitia alama za mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa muhula mzima. Kisha alilipangua azimio lake la kazi. Mada mpya na ngumu, kama vile kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, alizihamishia kwenye siku za maji mafu ambapo darasa hujaa. Siku za bamvua aliziwekea marudio, mazoezi ya makundi, na kuwasaidia wale walio nyuma, kwa kuwa siku hizo darasa lake lilikuwa dogo na angeweza kuwafikia. Hakuongezewa hata shilingi moja, wala hakuomba. Hakuna muujiza uliotokea. Watoto waliendelea kwenda pwani. Lakini somo la sehemu halikuwapita tena wote kwa pamoja katika wiki ile ile.

Tusifahamike vibaya. Hatutetei mtoto aache skuli kwa sababu ya mwani. Jambo hilo lina sheria zake, nalo ni wajibu wa wazazi, masheha na Serikali. Lakini mwalimu hawezi kungoja mpaka hali ya maisha ya kijiji kizima ibadilike ndipo afundishe sehemu. Anafundisha kesho.

Isitoshe, hata ndani ya kisiwa kimoja dodoso la skuli moja halifai kuhamishiwa skuli nyengine. Kule ambako wavuvi wa dagaa hutumia taa, kazi huwa nyingi usiku wa giza na hupungua mwezi unapong'aa, na mvulana aliyesaidia kuchemsha na kuanika dagaa alfajiri huja darasani, naam, lakini huja kulala. Kule Pemba mambo hugeuka msimu wa karafuu unapofika. Daftari la mahudhurio litamwonesha mwalimu kwamba mtoto hayupo. Kwa nini hayupo, na kwa nini yule aliyepo amesinzia, halisemi.

Wengi wakisikia habari ya kuwauliza wanafunzi hudhani kuwa ni kutafuta upungufu tu. Tunaona kuwa faida iliyo kubwa zaidi ipo upande wa pili. Mwalimu anapouliza, “Ni jambo gani unalijua vizuri hata ungeweza kumfundisha mwenzako?” hupata majibu ambayo hakuna mtihani uliowahi kuyatoa. Mtoto wa Pemba aliyekaa chini ya mkarafuu akiangalia karafuu za mama yake zikipimwa anajua kwamba vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Yaani anajua robo, nusu na kizima, anajua na kuzijumlisha, na akipunjwa kibaba kimoja atapiga kelele. Mtoto huyo huyo huandikiwa ubaoni robo na nusu kwa tarakimu, akashindwa, akaambiwa kuwa ni mzito. Mwalimu anayejua habari ya pishi huanzia kwenye pishi. Mwanasaikolojia wa Marekani, David Ausubel, aliandika mwaka 1968 kwamba katika mambo yote yanayoathiri kujifunza, kubwa kuliko yote ni lile ambalo mwanafunzi analijua tayari, na kazi ya mwalimu ni kulitambua hilo na kumfundisha kwa kulitegemea. Mpima karafuu wa Mkoani angemwambia hivyo hivyo.

Kadhalika na chuo. Watoto wetu wengi huingia chuoni kusoma Kurani kabla hawajaingia darasa la kwanza. Yupo mtoto wa darasa la pili anayehesabiwa kuwa hajui kusoma, ilhali jioni husoma herufi za Kiarabu bila ya kusita, na amehifadhi sura ambazo mtu mzima zingemshinda. Mtoto huyo anajua tayari kwamba alama iliyoandikwa ina sauti, kwamba alama huunganishwa, kwamba kosa dogo la kusoma hugeuza maana. Kilichobaki ni kumpa alama nyengine. Lakini ili mwalimu wa skuli alijue hilo, hapana budi amuulize mtoto anasoma nini nje ya skuli, kwa sababu mtoto mwenyewe hafikirii kwamba yale ya chuoni yanahusika na haya ya skuli, na pengine hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa yanahusika.

Hapa tuguse suala la lugha, ambalo kwetu lina kichekesho chake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930 kuiendeleza. Sifa hiyo tunajivunia. Lakini Kiunguja kile ni cha mjini na pambizo zake. Mtoto wa Makunduchi, mtoto wa Tumbatu na mtoto wa Micheweni huja skuli na Kiswahili chao, chenye maneno yake na sarufi yake, na hukosolewa na mwalimu kama kwamba amekosea, kumbe amesema sawasawa kama alivyofunzwa na bibi yake. Bado mtoto hajapumua, Kiingereza kinamngoja. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtoto akifika sekondari lugha hiyo humzunguka pande zote. Hatutaki leo kuufungua tena mjadala huo, ambao una wenyewe. Tunachosema ni kwamba mwalimu akiuliza, “Ni somo gani ulikuwa ukilifahamu kisha ukaacha kulifahamu, na tangu lini?” atawatenganisha watoto waliokwama katika hesabu na wale waliokwama katika lugha ya hesabu. Hao ni watoto wawili tofauti na dawa zao ni mbili. Mmoja anahitaji kurudishwa kwenye jedwali la kuzidisha. Mwengine anahitaji maneno ishirini kuandikwa ukutani pamoja na maana zake. Tukiwapa wote marudio ya jedwali, mmoja tumemponya na mwengine tumemchosha.

Wapo pia watoto wenye ulemavu, ambao skuli zetu za kawaida sasa zinawapokea, kwa roho ile ya Azimio la Salamanca la mwaka 1994 lililotaka kila mtoto asome katika skuli ya kawaida inayomfaa. Tumeona karatasi zinazouliza: “Je, wewe ni mlemavu?” Swali hilo ni baya na halina faida. Mtoto asiyeona ubao hajijui kuwa ni mlemavu, kwani hajapata kuona kwa macho ya mtu mwengine. Na yule anayejijua hataki kuandikwa. Kundi la wataalamu wa takwimu lijulikanalo kama Washington Group limeonesha njia iliyo bora zaidi. Maswali yao mafupi hayaulizi mtu ana ulemavu gani. Yanauliza kama ana ugumu wowote katika mambo sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kuzingatia, kujihudumia, na kufahamiana na watu, na kila jibu lina daraja zake, kuanzia hakuna ugumu hadi hawezi kabisa. Mwalimu wa kijijini anaweza kulifanya jepesi zaidi. Aandike sentensi ubaoni, awaambie watoto wote wainakili kimya kutoka pale walipokaa, kisha aulize chini ya karatasi: “Umeweza kuona kila neno?” Wale waliosema hapana, na wale waliosema ndiyo lakini wamenakili maneno ambayo hayapo, kesho yake awahamishie mbele. Tunathubutu kusema kuwa hakuna skuli katika visiwa hivi ambayo itafanya hivyo bila ya kumpata walau mtoto mmoja aliyeitwa mzito kwa miaka mingi kwa sababu ya macho tu.

Wengine watatuuliza: mwalimu mwenye watoto themanini na ream moja ya karatasi kwa muhula atayafanya wapi haya? Jibu ni kwamba dodoso la darasani si kitabu. Maswali matano yatosha, saba ni mengi. Mwalimu huyasoma kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma, na watoto hujibu kwa neno moja au sentensi moja. Kwa watoto wadogo hahitaji hata karatasi. Aweke makopo matatu nyuma ya mlango, moja limechorwa uso unaocheka, jengine uso mkavu, jengine uso unaolia. Ampe kila mtoto kijiwe kimoja, nao waende mmoja mmoja kujibu kama jana walilifahamu somo. Kuhesabu vijiwe ni kazi ya dakika tano. Kusoma robo themanini za karatasi na kuzichora vijiti katika daftari ni kazi ya usiku mmoja, nao ni usiku mmoja katika muhula.

Iko tofauti moja tu ambayo mwalimu lazima aishike. Maswali yanayohusu hali ya mtoto mwenyewe, kama vile anaona, anasikia, anachelewa kwa nini, hayana maana bila ya jina, kwa sababu nia ni kumsaidia huyo. Maswali yanayohusu ufundishaji wenyewe, kama vile mwalimu anakwenda mbio au la, anarudia asipofahamika au la, mtoto anaogopa kuuliza au la, hayo yasiandikwe jina kabisa. Mtoto wa kwetu amelelewa kwa heshima, na hatamwandikia mwalimu wake kuwa hakufahamu, seuze pale bakora inapokuwa juu ya meza. Mwalimu anayetaka ukweli aanze kwa kuiondoa bakora hiyo machoni.

Kuna na maswali ambayo yasiulizwe kamwe. Baba yako ana pesa? Mama yako yuko wapi? Kwa nini wazazi wako wameachana? Mambo hayo mwalimu akiyahitaji atayajua kwa mashauriano na wazazi, si kwa karatasi itakayosahauliwa dirishani na kusomwa na nusu ya kijiji. Na kuna maswali yasiyo na madhara lakini hayana faida vile vile. Kwa miaka mingi walimu, hapa na kote duniani, wamefundishwa kumuuliza mwanafunzi kama hujifunza zaidi kwa kuona, kwa kusikia au kwa kutenda, kisha kumfundisha kwa njia hiyo moja. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa Marekani, waliuchambua ushahidi uliopo na kuona kuwa hautoshi kuihalalisha desturi hiyo. Watoto wote huhitaji kuona, kusikia na kutenda, kulingana na jambo lenyewe linalofundishwa. Ramani haifundishwi kwa masikio. Karatasi chache tulizo nazo tusizimalize kwa swali hilo.

Tulipolitaja jambo hili barazani, mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyewafundisha wengi wa viongozi wetu wa leo, alitikisa kichwa. “Nyinyi wanangu mnaoandika magazetini,” alisema, “mnataka tumuulize mtoto anataka kufundishwa vipi? Sisi tulifundishwa na tukajua. Leo mtoto ataulizwa, atasema anataka mpira.” Maneno ya mzee wetu yana uzito, na tungekuwa watovu wa adabu kuyapuuza. Ni kweli kwamba zipo karatasi za kisasa zinazomuuliza mtoto anapenda nini kana kwamba skuli ni hoteli. Lakini tabibu humuuliza mgonjwa panapouma, na bado dawa huiandika yeye. Zaidi ya hayo, wale waliofundishwa wakajua ndio tunaokutana nao barazani. Waliofundishwa wasijue walitoka darasani mapema, na hawapo kutueleza habari zao. Tulimuuliza mzee ni wangapi alioanza nao darasa la kwanza, na wangapi waliofika naye mwisho. Alicheka, akatuagizia kahawa.

Tena ushahidi upo kwamba watoto huliona darasa kwa usahihi kuliko tunavyodhani. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kuanzia mwaka 2009, ukiwahusisha walimu takriban 3,000, uligundua kwamba maoni ya wanafunzi juu ya namna somo linavyoendeshwa yaliwiana na kiasi wanafunzi wa mwalimu yule walivyopiga hatua. Na kwa upande wa sheria, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto katika kifungu cha 12 haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Sisi wenyewe tunayo Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011. Kwa hivyo hatuombi jambo geni.

Sasa tuje kwenye lile tulilosema mwanzoni, kwamba desturi hii imo hatarini kuharibiwa na watu wenye nia njema. Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, tulioneshwa kabati lililojaa madodoso ya wanafunzi. Kila moja lilikuwa na maswali zaidi ya arubaini, yaliyotungwa mbali na kijiji chochote. Walimu waliamrishwa wayajaze darasani katika wiki moja na kuyapeleka wilayani. Waliyapeleka. Majumlisho yalifanywa, ripoti ikaandikwa, na karatasi zikabaki kabatini, nyengine zimetafunwa na panya. Hakuna mwalimu aliyerudishiwa hata moja. Mtoto aliyeandika kwamba hasikii vizuri sikio la kushoto aliendelea kukaa upande ule ule wa darasa, kwa kuwa jibu lake lilisafiri hadi mjini na halikurudi. Na watoto wale, tunavyowafahamu watoto, mara ya pili hawataandika kitu.

Ni maoni yetu, basi, kwamba dodoso la mwanafunzi ni mali ya mwalimu na darasa lake, na libaki darasani. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali inapohitaji takwimu, inazo njia zake nyengine. Mkaguzi anapofika skuli asiulize ni madodoso mangapi yamejazwa, aliombe andalio la somo, amuulize mwalimu: “Kutokana na majibu ya watoto, ni kitu gani umekibadilisha hapa?” Mwalimu asiyebadilisha kitu hakuuliza, hata kama ana rundo la karatasi. Tunaiomba Taasisi ya Elimu, pamoja na vituo vya walimu vya Unguja na Pemba, watoe mifano ya maswali mafupi ambayo mwalimu anaweza kuchagua na kuyageuza kulingana na kijiji chake, wala isiwe fomu moja ya kujazwa na wote. Vyuo vinavyofunza walimu vimfundishe mwanafunzi wa ualimu kutunga maswali matano kabla ya kumfundisha kutunga mtihani wa maswali hamsini. Na walimu wakuu wawape walimu wao nusu siku katika wiki ya kwanza ya muhula kwa kazi hii, ili isionekane kuwa ni ubunifu wa mtu mmoja anayejipendekeza.

Wazazi nao tunawaomba wasiwafundishe watoto majibu. Mtoto akiulizwa kama huchelewa kwa sababu ya kazi za nyumbani, na aseme hivyo. Hakuna aibu ndani yake, na mwalimu hakuuliza ili awashitaki.

Limebaki ombi moja dogo kwa wale wanaoichapisha kalenda ya skuli. Kalenda hiyo huonesha siku za kufungua na kufunga, sikukuu na mitihani. Tunaomba iongezwe safu moja nyembamba pembeni, inayoonesha siku za bamvua na siku za maji mafu kwa mwaka mzima, ili mwalimu wa pwani aweze kuitumia anapoandika azimio lake la kazi mwezi wa Disemba. Majedwali ya kupwa na kujaa kwa maji huchapishwa mapema kabla ya mwaka kuanza, na wavuvi wetu huzijua siku hizo bila ya kitabu.